Alama ya kufuli haithibitishi uaminifu wa duka

Hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Mwaloni Kirumba, wengi bado wanaamini kwamba tovuti yenye alama ya kufuli kando ya anwani yake ni duka la kuaminika. Imani hiyo si sahihi. Kufuli huonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamesimbwa ili mtu wa katikati asiyasome. Halisemi lolote kuhusu uadilifu wa mwenye tovuti, na tapeli naye hulipata bila gharama, kwa kuwa tangu 2015 shirika la Let's Encrypt limekuwa likitoa bure vyeti vya kidijitali vinavyowezesha usimbaji huo. Mwaka 2023 Google iliibadilisha alama hiyo katika kivinjari chake cha Chrome, kwa sababu watu waliielewa vibaya.

Jirani yangu, mvuvi wa dagaa, alinionyesha duka lililotangaza taa za sola kwa nusu ya bei ya mjini. Kufuli lilikuwapo. Lakini anwani ilikuwa “Mwanza” tu, bila mtaa. Picha ileile ya taa tuliikuta katika maduka mengine ya nje. Na malipo yalitakiwa yatumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, ambaye jina lake, lilipojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri, halikuhusiana kabisa na duka. Jina hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kutazamwa kwa makini kuliko yote, kwani ukishathibitisha muamala, kurejeshewa fedha ni kazi ngumu. Jirani alighairi, akanunua taa mjini baada ya kuziwasha mwenyewe.