Filamu "kuteuliwa" Cannes: neno lina maana gani hasa?

Kila Mei inapokaribia, mabango na redio za Kampala huanza kutangaza kwamba filamu fulani "imeteuliwa Cannes", yaani kwenye tamasha kubwa la filamu la Ufaransa. Msikilizaji anaelewa kwamba filamu hiyo inawania tuzo, na kwamba imebaki hatua moja tu ikabidhiwe. Mara nyingi haiwanii chochote. Na hata ingekuwa inawania, Cannes haina orodha ya walioteuliwa. Neno hilo limeazimwa kutoka kwenye sherehe za aina nyingine kabisa.

Maana kwa ufupi ni hizi. Kuwasilisha ni kupeleka filamu yako itazamwe, jambo ambalo karibu kila mtu anaweza kulifanya akilipa ada na kutimiza masharti. Kuchaguliwa ni tamasha kuitoa filamu yako kwenye rundo la zilizowasilishwa na kuipangia siku, saa na ukumbi. Kuteuliwa ni jina la filamu au la mtu kutajwa miongoni mwa wachache wanaowania tuzo moja maalumu.

Kiswahili chenyewe kilishaweka tofauti hii zamani. Mtu anayeketi na ungo mapajani anachagua mchele: anatazama rundo lote, anatenga punje na mawe, na hakuna aliyemletea punje zikiwa na majina. Teua ni tendo la mwenye mamlaka. Rais anateua waziri, chama kinateua mgombea, na mteule ana cheo au jukumu linalomsubiri. Hata neno la Kiingereza tunalolitafsiri kwa kuteua lina mzizi wa Kilatini nomen, yaani jina. Asili yake ni kulitaja jina la mtu mbele ya watu.

Huku Uganda mkanganyiko una sababu moja zaidi. Anayefikiri kwa Kiganda ana kulonda, neno linalobeba kuokota, kuchagua, kupiga kura na hata rais kumpa mtu uwaziri. Likivuka kuingia Kiswahili, mtu hushika "teua" au "chagua" bila kujali. Lakini Kiganda hichohicho kina kusunsula, linalotumika mgombea anapopeleka karatasi zake Tume ya Uchaguzi, zikakaguliwa na akapewa ruhusa ya kusimama. Hakuna Mganda anayesema mtu amesunsulwa kwa sababu tu amealikwa kwenye mkutano wa kampeni. Usahihi huohuo ndio unaohitajika kwenye filamu.

Sasa, kusema kweli, kuna wakati "kuteuliwa Cannes" lilikuwa neno sahihi. Tamasha la filamu la Venice, Italia, lilianza Agosti 1932 bila jopo la kutoa zawadi, watazamaji wakipiga kura tu. Mashindano yalikuja 1934, na serikali zikaja nayo. Mwaka 1938 Kombe la Mussolini lilikwenda kwa filamu ya Kijerumani iliyotukuza Olimpiki ya Berlin na kwa filamu ya Kiitaliano kuhusu rubani. Ufaransa, Uingereza na Marekani zilikasirika, na hapo ndipo wazo la Cannes lilipozaliwa. Tamasha lilipangwa kufunguliwa tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani ilipoivamia Poland, kwa hiyo likasubiri hadi Septemba 1946.

Cannes ya 1946 ilifanana na mkutano wa mabalozi. Kila nchi ilialikwa, na kila nchi ilijichagulia filamu za kupeleka. Filamu 11 ziligawana tuzo kuu, ili wageni wengi iwezekanavyo warudi kwao wakiwa wameridhika. Huo ulikuwa uteuzi kwa maana kamili: serikali au chama cha watayarishaji kilitaja jina, na tamasha likapokea. Ubaya wake ulionekana mapema. Mwaka 1956 filamu fupi ya Alain Resnais kuhusu kambi za mauaji za Wanazi, Nuit et brouillard, iliondolewa kwenye shindano baada ya ubalozi wa Ujerumani Magharibi kulalamika. Na nchi ilipoogopa, kazi nzuri ilibaki kabatini. Kampuni ya Daiei ya Japani ilisita sana kupeleka Rashomon ya Akira Kurosawa Venice. Aliyeisukuma ni Mwitaliano Giuliana Stramigioli. Mwaka 1951 ikatwaa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya Venice, na watazamaji wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzitafuta filamu za Kijapani.

Utaratibu huo pia ulimfungia nje yeyote asiye na serikali ya kumtaja. Uganda yenyewe ilipata uhuru 1962. Ndiyo maana kuzaliwa kwa tamasha la Carthage nchini Tunisia mwaka 1966, ambako filamu ya Ousmane Sembène La Noire de... ilishinda tuzo kuu, Tanit ya Dhahabu, na kisha tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 1969, ni sehemu ya historia hii na haifai kutajwa pembeni.

Mei 1968 wanafunzi na wafanyakazi waligoma Ufaransa nzima, waongozaji wakalisimamisha tamasha la Cannes katikati. Mwaka uliofuata chama chao kilianzisha kitengo chake, Quinzaine des réalisateurs, kilichojichagulia filamu bila kuuliza serikali yoyote. Cannes yenyewe ilifuata: mwaka 1972 iliacha kupokea majina kutoka kwa mataifa na kuanza kuchagua yenyewe. Miaka mitatu baadaye Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria alishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes. Tangu 1972, basi, neno la Cannes ni kuchagua.

Na kuchaguliwa nako kuna vyumba vyake. Orodha rasmi ya Cannes ina Shindano lenye filamu takriban 20, ambazo zote ziko mbele ya majaji moja kwa moja. Hakuna mchujo wa pili wala walioteuliwa. Ina kitengo cha Un Certain Regard, alikopita Wanuri Kahiu na Rafiki mwaka 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha hiyo. Ina filamu za nje ya shindano, ambazo haziwanii Palme. Quinzaine na Wiki ya Wahakiki ziko mji uleule, siku zilezile, lakini zina waandaaji wengine na haziko kwenye orodha rasmi. Halafu liko soko, Marché du Film, tangu 1959. Huko anayelipa hukodi ukumbi na kuwaonyesha wanunuzi filamu yake. Ni kazi halali ya biashara, na watu wamepata mikataba mizuri humo, ila hakuna aliyechagua chochote.

Mifano ya nyumbani inatosha kuonyesha tofauti. Crazy World ya Nabwana I.G.G. kutoka Wakaliga, Kampala, ilichaguliwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2019, katika kitengo cha Midnight Madness. Filamu ya hali halisi kuhusu mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, ilichaguliwa Venice mwaka 2022 nje ya shindano, kwa hiyo haikuwania Simba wa Dhahabu. Januari 2024 ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu ya hali halisi. Filamu moja, vitenzi viwili, vyote sahihi. Mwaka huohuo wa 2022 Tembele ya Morris Mugisha iliwasilishwa na Uganda kwa Oscar ya filamu ya kimataifa, ya kwanza kabisa kutoka nchi hii. Katika tuzo hiyo kila nchi hupeleka filamu moja, 15 huingia mchujo, na 5 ndizo huteuliwa. Tembele haikuingia zile 15, na bado magazeti yaliandika "imeteuliwa". Kufungua mlango kwa mara ya kwanza ni jambo kubwa, halikuhitaji kuongezewa.

Katika Tamasha la Filamu Uganda, linaloendeshwa na Tume ya Mawasiliano tangu 2013, wanaoteuliwa hutangazwa kwa kila tuzo kabla ya usiku wa zawadi. Hapo neno liko nyumbani kwake, na huenda ndiko lilikotoka kabla ya kubandikwa kila mahali.

Kosa hili lina gharama. Mnunuzi au tamasha jingine likisoma "imeteuliwa Cannes" hufungua katalogi ya mwaka ule, kazi ya dakika mbili. Jina lisipokuwepo, barua pepe haijibiwi, na mtengenezaji hajui kwa nini. Kosa la pili ni haraka. Barua ya kukubaliwa kwa kawaida hukutaka unyamaze hadi tamasha litangaze lenyewe. Anayeweka bango Facebook usiku uleule huhatarisha nafasi yake. Na ukurasa wako wa FilmFreeway, tovuti ya kuwasilisha filamu kwa matamasha, ukionyesha kwamba filamu inazingatiwa, maana yake imepokelewa na jibu halijatoka.

Kwa hiyo anayeandaa bango aandike kitenzi, kitengo na mwaka: "Imechaguliwa, Midnight Madness, Toronto 2019." Aliyekodi ukumbi sokoni aandike "Imeonyeshwa sokoni, Marché du Film". Aliyetuma na bado anasubiri ana "imewasilishwa". Na mtangazaji akiletewa bango lisilotaja kitengo, amuulize mwenye filamu swali moja kabla ya kwenda hewani: kitengo gani?