Adhabu, muhali na kesi za ubakaji zinazokufa: yanayosemwa Zanzibar na yalivyo

*"Adhabu ingekuwa kali zaidi, watu wangeogopa."* Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, tayari inafika kifungo cha maisha kwa ubakaji. Mtaliano Cesare Beccaria aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mtu asitende kosa ni uhakika wa kukamatwa na kuhukumiwa upesi, zaidi ya ukubwa wa adhabu. Anayeamini kesi yake itaishia njiani haitishwi na miaka iliyoandikwa kwenye sheria. Kwetu kesi nyingi zinafia njiani, na hapo ndipo pa kutazama.

*"Kadhi atahukumu."* Hapana. Kadhi ana ndoa, talaka, matunzo na mirathi, jinai haimo.

*"Familia zimekaa kwa sheha zikaelewana, yamekwisha."* Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Kosa la jinai hushitakiwa na Serikali, na mwenye mamlaka ya kuifuta kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka, si sheha, kiongozi wa mtaa, wala baba wa mtoto aliyetendewa. Mahakama inaweza kuhimiza suluhu kwa makosa madogo ya mtu na mtu, kama majirani waliopigana makofi. Ubakaji na ulawiti haumo humo. Wazee wanaopokea fidia, au wanaoharakisha ndoa ili kufunika aibu, hawajaondoa jinai yoyote. Wamemwonyesha mkosaji bei yake.

Muhali, yaani kuoneana haya kwa sababu ya undugu au ujirani, hufanya kazi kimyakimya. Mtuhumiwa ni ami au jirani, basi mama anaombwa astahamili, na mtoto anavushwa kisiwa cha pili kwa jamaa. Siku ya kesi shahidi hayupo. Kesi inaahirishwa, inaahirishwa tena, mwisho inaondolewa. Kuondolewa si kuonekana hana hatia: kama mshtakiwa hajafika hatua ya kujitetea, anaweza kushitakiwa upya. Lakini ushahidi hausubiri watu wapatane.

*"Kwanza aoge, apumzike, polisi tutakwenda kesho."* Huruma hii ndiyo inayoua kesi. Aliyetendewa asioge, asifue, asibadilishe nguo kama inawezekana. Akishabadilisha, kila nguo iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu, nao huozesha alama zinazotafutwa maabara. Mpelekeni moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana pamoja, ili mtoto asirudie maelezo yake kila mlango. Fomu ya polisi, PF3, ijazwe na daktari aliyemchunguza, isainiwe, iwe na tarehe. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Matibabu yasisubiri fomu.