Roland Harudii kwa Kukosa la Kusema

Safari hii aliyesema alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, tena mmoja wa wale wazuri. "Mwalimu, ukishamsoma Homer, yule Mgiriki wa kale wa Iliad, hizi tendi za Zama za Kati zinachosha. Zinarudiarudia." Nikauma ulimi. Maneno hayohayo nimeyasikia kwa wanafunzi miaka nenda miaka rudi, kwa msahihishaji wa makala yangu moja, na harusini kwa shemeji yangu ambaye hajafungua utendi hata mmoja wa zama zozote. Sasa imetosha.

Niyamalize madogo kwanza. Ukale hauongezi maksi. Isitoshe, hao wa kale wametufikia kwa mikono ya watu wa Zama za Kati: nakala kongwe ya Iliad iliyo karibu kamili, Venetus A, iliandikwa karne ya 10, na mswada pekee wa Beowulf, utendi wa Kiingereza cha Kale, ule ulioungua kingo katika moto wa 1731, ni wa mwaka 1000 hivi. Ngozi hizo ni hirimu moja. Na anayedai kwamba baada ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kulikuwa kimya akasome Shahnameh ya Ferdowsi, utendi wa Kiajemi uliokamilika 1010, afike pale shujaa Rostam anapomuua Sohrab bila kujua kuwa ni mwanawe. Kisha tuonane.

Linalonikera hasa ni hili la takriri, yaani kurudiarudia. Homer akirudia, tunaambiwa huo ndio ufundi wa mghani. Tangu mtaalamu Milman Parry alipowarekodi waghani wa Yugoslavia miaka ya 1930, kila mtu anajua kwa nini Achilles, shujaa wa Iliad, ni "mwenye miguu myepesi" hata akiwa amekaa kitako hemani. Ni fomula, inajaza mizani, tunamsamehe. Lakini mtunzi wa Wimbo wa Roland, utendi wa Kifaransa wa Zama za Kati, akirudia, ghafla ni mshamba asiyejua kuhariri. Mizani gani hiyo yenye jiwe upande mmoja?

Tuitazame kazi yenyewe. Roland na swahiba wake Oliver wameachwa kulinda mkia wa jeshi la Mfalme Charles. Oliver amepanda kilimani na kuona adui wamefunika nchi. Anamwambia Roland apige pembe ili Mfalme Charles arudi. Roland anakataa: atapoteza jina lake Ufaransa. Fungu, yaani ubeti wa utendi huu, linakwisha. Fungu linalofuata, Oliver anaomba tena kana kwamba hajaomba. Roland anakataa: Mungu apishe mbali, jamaa zake wasilaumiwe kwa ajili yake. La tatu, ombi lilelile, na sasa hataki mtu yeyote aliye hai aje kusema kwamba alipiga pembe kwa sababu ya wapagani. Mwanafunzi wangu anaona ombi moja mara tatu. Mimi naona mtu akijifungia mlango kwa komeo tatu, kila moja nzito kuliko iliyotangulia: jina langu, ukoo wangu, kisha vinywa vya watu wote. Tena kila fungu lina kina chake, na kina chenyewe ni irabu tu, kwa hiyo mtunzi hawezi kunakili mstari wa juu akaendelea na safari. Lazima aliseme upya. Aliyewahi kutunga utendi wa Kiswahili atanielewa, ingawa kwetu ni kinyume: vina vya mishororo mitatu ya kwanza hubadilika kila ubeti, lakini kina cha bahari kinakubana kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Baadaye, watu wakishakwisha, Roland ndiye anayetaka kupiga pembe na Oliver ndiye anayesema sasa ni aibu. Bila yale makomeo matatu, mgeuko huu usingeuma hata kidogo.

Homer naye anajua mchezo huu, tusimdhulumu. Katika kitabu cha 9 cha Iliad, mfalme Agamemnon anataja zawadi atakazompa Achilles ili waliogombana wapatane. Mjumbe wake, Odysseus, anakwenda kuzikariri karibu neno kwa neno, ila anaiacha ile mistari ya mwisho inayomtaka Achilles akubali kuwa mdogo. Takriri nzima ipo ili tusikie kilichoachwa. Ni uhodari. Basi mpeni na yule Mfaransa haki yake.

Ninapolegea ni katika jinsi adui anavyochorwa. Roland una ule mstari usiosafishika, kwamba wapagani wana makosa na Wakristo wana haki, na "wapagani" hao ni Waislamu wanaoabudu masanamu, Mtume akiwa mmojawapo! Darasa langu la pwani hucheka hadi kipindi kinaharibika. Kwanza hata Waislamu hawakuwapo: walioushambulia mkia wa jeshi la Charles kule Roncevaux mwaka 778 walikuwa Wabasque. Lakini wakimaliza kucheka nawapa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728. Msafara wa Mtume kwenda Tabuk, unaosimuliwa humo, haukuwa na vita; katika utendi damu inatiririka na Warumi wa mfalme Herekali ndio wapotovu. Kioo kilekile, upande wa pili. Hapo kicheko hupungua.

Dhidi ya vyote hivyo, Homer ana Priam, mfalme mzee wa Troya anayebusu mikono iliyomuulia wanawe, na Achilles anayelia pamoja naye. Katika Roland sina cha kuweka mbele ya hilo. Ferdowsi anakaribia.

Na liko jambo ambalo darasani hulipitia haraka. Zipo siku huyatazama yale mafungu matatu nikawaza kwamba pengine mnakili alikuwa na masimulizi matatu ya tukio moja, akaona hasara kuyatupa, akayapanga yote kwa foleni, na mimi nimejenga nusu ya kazi yangu juu ya uchoyo wake. Hoja ya irabu inanitetea, lakini si kila siku. Sehemu ya Baligant nayo, ile ya amiri anayekuja kupigana na Charles baada ya Roland kufa, ambayo wengine huiona kiraka kilichoshonewa baadaye, sijawahi kuisoma kwa hiari yangu.

Wala ile orodha ya meli katika kitabu cha 2 cha Iliad. Hiyo huiruka. Shemeji asiambiwe.