Mwalimu msafiri na makaratasi yake: kuzisoma nyaraka za Earle Birney

Earle Birney, mshairi wa Kanada, ana shairi kuhusu watu wawili wembamba wa Kashmir wanaomteremsha dubu kutoka milimani kuelekea Delhi ili wamfundishe kucheza. Chini ya shairi hilo pameandikwa mahali na mwaka: Srinagar 1958, kisha Île des Porquerolles 1959. Wasomaji wengi hupita hapo bila kusimama. Kazi yangu ni kupanga nyaraka za watu binafsi, kwa hiyo mimi hapo ndipo ninapoanzia. Mtu ameona jambo kaskazini mwa India, akalichukua kichwani na kwenye mizigo yake, akalimaliza mwaka uliofuata kwenye kisiwa kidogo cha kusini mwa Ufaransa. Kati ya miji na visiwa vya namna hiyo mtu huandika barua, hujaza daftari, hufuta rasimu na kuianza upya. Kitabu kinatuonyesha alipofikia. Ukitaka kujua alipitia wapi, uliza makaratasi.

Birney alizaliwa Calgary mwaka 1904, akakulia mashambani Alberta, kisha Banff na Creston, chini ya milima. Maisha yake yote alikuwa mwalimu. Alifundisha Utah wakati wa mdororo wa uchumi, akafundisha Toronto alikopata shahada ya udaktari mwaka 1936 kwa utafiti juu ya kinaya cha Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, na kuanzia 1946 hadi 1965 alikuwa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Huko ndiko alikoanzisha idara ya uandishi wa kubuni, ya kwanza ya aina yake Kanada. Mwaka 1935 alikwenda Norway kuonana na Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekuwa uhamishoni huko. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa afisa wa kuwapangia askari kazi zinazowafaa, akafikia cheo cha meja. Baadaye alizunguka Meksiko, Japani, India na Amerika Kusini. Kule Cartagena, Kolombia, alikuta sanamu ya viatu vikuukuu iliyojengwa na mji kumuenzi mshairi wao, Luis López, akaliandikia shairi refu jambo hilo la mji kumpenda mshairi wake kiasi hicho. Alifariki Toronto mwaka 1995.

Nyaraka zake ziko Thomas Fisher, maktaba ya vitabu adimu ya Chuo Kikuu cha Toronto.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayetaka kuzitumia nyaraka za mtu kama huyu, na kwa kila familia inayonitumia ujumbe kuuliza ifanye nini na masanduku ya marehemu: thamani ya karatasi moja hutokana na karatasi zilizokaa karibu nayo. Ukizitenganisha, umeharibu kitu ambacho hakuna fundi wa kukirudisha.

Kanuni hii si yangu. Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa iliagiza hifadhi zake za mikoa ziweke pamoja nyaraka zote zilizotoka kwa mtu, familia au ofisi moja, zisichanganywe na za mwingine. Waholanzi, katika mwongozo wao wa 1898, wakakazia kwamba mpangilio aliouacha mwenyewe nao uheshimiwe. Wakanada wamejenga kanuni zao zote za kueleza nyaraka juu ya msingi huo. Ila kushawishika kuuvunja ni rahisi mno. Sanduku linafika, ndani mna barua za watu maarufu, na mtu wa kwanza kulifungua anazichomoa na kuzirundika peke yake kwa sababu ndizo zinazong'aa. Majibu yanabaki kwingine. Miaka ishirini baadaye mtafiti anasoma barua inayosema "kuhusu lile ulilouliza" na hawezi kabisa kujua ni lipi.

Hapa nakala za kaboni zinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana vijana wengi hawajawahi kuzishika. Enzi ya taipureta, aliyetaka kubaki na nakala ya barua yake aliweka karatasi ya kaboni kati ya karatasi mbili, akapiga. Ya juu ikaenda posta, ya chini ikabaki kwenye faili. Ya chini huwa nyembamba. Ukiinyanyua unaona vidole vyako kwa upande wa pili. Herufi zake ni za bluu iliyofifia au nyeusi ya masizi, kingo zimetawanyika kidogo, na kwa kawaida haina anwani iliyochapwa juu wala sahihi chini. Watu huiona kama takataka. Lakini nakala hii ndiyo inayotupa upande wa pili wa mazungumzo bila kulazimika kuzunguka dunia kuitafuta barua halisi kwa kila aliyepelekewa. Tena ina siri yake. Mwandishi akishaitoa barua kwenye mashine huisoma tena, akafuta neno kwa kalamu, akaongeza sentensi pembeni, na mara nyingi marekebisho hayo yapo kwenye ile iliyotumwa tu. Ukizipata zote mbili, moja inakuonyesha alichokikusudia mwanzo na nyingine alichoamua kukituma. Kwa mtu aliyeishi akihamahama kati ya nchi na nchi, tofauti hizo ndogo huweza kukuambia mengi kuliko wasifu wake uliochapishwa.

Hata pini ina habari. Pini na vibanio vya chuma hushika kutu, na kutu hula karatasi, kwa hiyo tunaviondoa kwa kisu bapa, taratibu, tukiitegemeza karatasi kwa mkono wa pili. Kabla ya kuondoa tunaandika kwamba kurasa hizi zilibanwa pamoja. Alama ya kutu iliyobaki kwenye kona za karatasi mbili zinazoonekana hazihusiani ni ushahidi kwamba kuna siku mwenyewe aliona zinahusiana.

Turudi kwa mashairi, maana kwa Birney rasimu zina uzito wa pekee. Alikuwa mtu wa kurekebisha hata baada ya kuchapisha. Shairi lake mashuhuri la "David", linalosimulia vijana wawili wapanda milima na uamuzi wa kutisha baada ya mmoja kuanguka, lilitoka kwanza jaridani mwaka 1941, likaingia kitabuni mwaka 1942 na kumpatia tuzo ya fasihi ya Gavana Mkuu wa Kanada. Mwaka 1966, alipotoa mashairi yake teule, aliondoa sehemu kubwa ya alama za uakifishaji kwenye mashairi ya zamani na mahali pake akaacha nafasi tupu. Msomaji sasa anapumzika penye uwazi badala ya penye mkato.

Hili linatupa kazi sisi watunza nyaraka. Kwenye taipureta kila herufi ina upana sawa, hivyo nafasi ya mapigo matatu ni mapigo matatu, unaweza kuihesabu. Sasa ichukue karatasi ya aina hiyo uipitishe kwenye programu ya kompyuta ya kugeuza picha kuwa maandishi. Programu nyingi huzibana nafasi zote na kuacha moja tu. Maneno yote yatatoka sawasawa, na uakifishaji wote wa mshairi utakuwa umefutika. Ndiyo maana napinga vikali mpango wowote wa kuweka maandishi yaliyosomwa na mashine bila picha ya ukurasa kando yake. Kwa barua za biashara labda haidhuru. Kwa mshairi huyu ni kumkata ulimi.

Riwaya yake ya kijeshi, "Turvey", ina historia inayofanana na hiyo. Ilitoka 1949 ikiwa imepunguzwa makali, kwa sababu lugha halisi ya askari haikuweza kuchapwa wakati ule. Toleo lisilochujwa lilitoka 1976. Waandishi wanaotupa miswada yao baada ya kitabu kutoka wajiulize: ningekuwa mimi, ningerudi kwenye nini?

Birney mwenyewe alilijua hilo. Rafiki yake Malcolm Lowry, mwandishi aliyeishi miaka mingi kwenye kibanda cha ufukweni Dollarton karibu na Vancouver, alifariki mwaka 1957 akiacha lundo la maandishi yasiyokamilika. Birney alishirikiana na mjane wa Lowry kuyakusanya na kuyahariri mashairi yaliyokuwamo, na alichangia sana kuhakikisha nyaraka za Lowry zinafika maktaba ya chuo alikokuwa akifundisha. Mimi namheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu kwa mashairi. Profesa mwenye vitabu vyake vya kuandika alitenga muda kwa ajili ya makaratasi ya mtu mwingine.

Sehemu ngumu ya nyaraka za mwalimu ni wanafunzi. Ndani ya mafaili ya mwalimu yeyote mna alama, barua za kuombeana kazi, na hadithi za kwanza za vijana ambao hawakuwahi kukubali kusomwa na umma. Mafaili ya namna hiyo hufungwa kwa muda mrefu, na ni haki. Kuna pia suala la hakimiliki. Barua uliyoandikiwa ni mali yako kama karatasi, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeandika. Maktaba inaweza kukuruhusu kuisoma na bado isiwe na mamlaka ya kukuruhusu kuichapisha. Kanada iliongeza ulinzi wa kazi za mwandishi kutoka miaka 50 hadi 70 baada ya kifo chake mwishoni mwa 2022, kwa hiyo mashairi aliyoyachapisha Birney akiwa hai yanalindwa hadi mwisho wa 2065.

Kwa wasomaji wa Nairobi, kuna mwandishi mwingine wa Kanada aliye karibu nanyi zaidi. Margaret Laurence aliishi Somalia ya Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake cha kwanza, tafsiri za mashairi na hadithi za Kisomali, kilichapwa Nairobi mwaka 1954. Kwa Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa wakati wa J.W.T. Allen, Mwingereza mtaalamu wa Kiswahili, pamoja na makaratasi ya Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyetafiti mila za Tanganyika. Wageni wamehifadhiwa. Walimu wetu waliofundisha Bukoba, Tanga, Lamu na Bujumbura, wakaandika tenzi na michezo ya kuigiza usiku kwa taa ya kandili, makaratasi yao mengi yamebaki kwenye masanduku ya bati majumbani, na jambo hilo linaniuma.

Kwa mwenye sanduku kama hilo nyumbani: kabla hujagusa chochote, lipige picha lilivyo, kisha kila tabaka unalotoa lipige picha tena. Usizipange barua kwa tarehe hata kama zinaonekana ovyo. Mpira wa kufungia ukikatika, funga rundo lile lile kwa utepe wa pamba. Nyuma ya picha andika majina ya waliomo kwa penseli laini, kwa kukandamiza kidogo sana, maana wino huvuja hadi upande wa uso. Daftari la matumizi ya safari, risiti ya hoteli, ratiba ya meli, viache vilipo. Na kama marehemu alitumia barua pepe, liombe folda la zilizotumwa kabla akaunti haijafungwa. Hilo ndilo kaboni ya siku hizi. Ukiwa tayari kuzikabidhi, ambatanisha ukurasa mmoja unaoeleza nani alizitunza, wapi, na nani alizihamisha lini.