Taka za sola: betri, paneli na taa vikifa huenda wapi?

Taka za sola ni vifaa vya umeme wa jua ambavyo havifanyi kazi tena, au vimeachwa na wenyewe: betri isiyokaa na chaji, paneli iliyopasuka, kidhibiti chaji kilichoungua, taa ndogo ya mkononi, nyaya na balbu zake. Kwenye takwimu za dunia huhesabiwa ndani ya taka za kielektroniki, pamoja na simu na friji. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 hivi za taka za aina hiyo, na ni asilimia 22.3 tu zilizorekodiwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa inavyotakiwa. Paneli za sola zilikuwa tani 600,000 hivi, na zinatarajiwa kufika tani milioni 2.4 ifikapo 2030.

Lakini hesabu ya paneli inaficha jambo kubwa. Kwenye nyumba ya kijijini yenye sola ndogo, paneli ndiyo inayokufa mwisho. Paneli nzuri hufanya kazi miaka 25 hata 30, ikipungua nguvu taratibu. Betri ya risasi na asidi, ile ya volti 12 inayofanana na ya gari, hudumu miaka miwili hadi mitano. Kabla paneli moja haijachoka, nyumba hiyo itakuwa imemaliza betri tano au zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuelewa taka za sola huku kwetu aanze na betri.

Betri hufaje? Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja cha volti mbili hivi, vyenye bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfa, ambayo mafundi huiita maji ya betri. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi, ambayo ni chumvi nyeupe, hujijenga juu ya bamba. Ikichajiwa, chumvi hiyo huondoka. Sasa masika yakiingia, mawingu hufunga siku nyingi mfululizo huku televisheni ikiendelea kuwashwa. Betri inakaa nusu tupu wiki nzima, ile chumvi inaganda na kuwa ngumu, na haiondoki tena. Fundi akiipima, dalili huonekana wazi: ukiiunganisha na paneli inapanda upesi hadi volti 13 au 14 kana kwamba imejaa, ukiwasha balbu moja inaporomoka chini ya 11. Betri ya gari huwahi kufa zaidi ikifungwa kwenye sola, kwa sababu bamba zake ni nyembamba, zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kulisha taa usiku kucha. Watu huichagua kwa sababu ya bei, na haichukui muda wanarudi dukani kutafuta nyingine.

Ikishakufa haikai nyumbani sana. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ina soko. Mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani yake. Analipia chuma, hana haja na maji, kwa hiyo mara nyingi asidi humwagwa palepale, shimoni au kando ya migomba, ikiwa imebeba chembe za risasi. Baadhi ya betri hufika kiwandani. Nyingine huishia kwenye moto wa mkaa uani kwa mtu, maana risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, na moto wa karakana yoyote unafika hapo bila shida. Kinachotoka ni chubwi za wavuvi, au vipande vya kutengenezea betri nyingine. Kinachobaki ni vumbi, kwenye udongo, kwenye nguo za anayeyeyusha, na mwishowe kwenye vidole vya watoto wanaocheza pale. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na uharibifu huo haurudishwi na dawa.

Mombasa wanalijua hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007, kikiwa kimepakana na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa na sumu ya risasi, akaanza kuwapigania wakazi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ulitenguliwa kwenye rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kwa miaka yote hiyo watu waliendelea kuuguza na kuzika. Na kwenye makaratasi, betri zilizopita pale zote zilikuwa zimerejelezwa.

Betri za lithiamu, ambazo sasa zimejaa kwenye taa na mifumo midogo, zina shida iliyo kinyume kabisa. Nyingi ni za lithiamu, chuma na fosfeti. Hazina risasi, hudumu muda mrefu zaidi, na mimi ningemshauri yeyote azichague. Lakini hazina kobalti wala nikeli, madini ambayo huwavutia wanaorejeleza, kwa hiyo mnunuzi wa vyuma chakavu akiiona anaipita. Inatupwa kwenye droo, chooni, au jalalani, ambako ikitobolewa au kukandamizwa inaweza kuwaka moto. Risasi hukimbiliwa kwa sababu ina bei. Lithiamu huachwa kwa sababu haina. Bei ndiyo inayoamua kila kipande kinaishia wapi, na kuhamasisha watu peke yake hakuwezi kulibadilisha hilo.

Kuna pia vifaa vinavyoitwa vibovu ilhali ni vizima. Fungua taa ya sola iliyokataa kuwaka. Mara nyingi balbu zake za LED zinafanya kazi na kipaneli chake kinatoa umeme. Kilichokufa ni seli moja ya silinda yenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, saizi ileile iliyozoeleka kwenye betri za laptop. Fundi wa jua kali huibadilisha kwa muda mfupi. Anayeijua kazi hupima kwanza, kwa sababu seli ya fosfeti ni ya volti 3.2 na ya laptop ni 3.6 au 3.7, na saketi iliyotengenezwa kwa moja haiichaji nyingine vizuri. Tatizo huanza pale kasha lilipogundishwa kwa gundi badala ya skrubu: kulifungua ni kulivunja.

Mifumo ya kulipa kidogo kidogo kwa simu imeleta kikwazo kingine. Mteja akishindwa kulipa, kifaa hujifunga, na paneli nzima na betri nzima vinakaa bila kazi. Kampuni nyingi pia hutumia plagi zao wenyewe, hivyo balbu ya hii haiingii kwenye ile. Na kampuni nayo hufa. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja Tanzania, Rwanda na Kenya, iliishiwa fedha mwaka 2019; bahati njema ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa. Isingepata mnunuzi, wateja wale wangebaki na vifaa visivyo na vipuri wala mtu wa kuvifungua.

Paneli yenyewe haina mengi. Karibu robo tatu ya uzito wake ni kioo, kisha fremu ya alumini, plastiki, silikoni, shaba kidogo na fedha kidogo sana. Fremu hung'olewa na kuuzwa. Kioo na silikoni vimegandishwa pamoja kwa plastiki iliyopikwa kwenye joto, na kuvitenganisha kunagharimu kuliko thamani ya kinachopatikana. Ulaya ililazimika kutunga sheria: tangu 2012 paneli zimo kwenye kanuni zake za taka za kielektroniki, na mzalishaji, yaani anayezitengeneza au kuziingiza sokoni, ndiye anayebeba gharama.

Wajibu huo wa mzalishaji umeingia kwetu pia. Kenya iliuweka kwenye Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na Rwanda ina kiwanda cha taka za kielektroniki Bugesera kilichofunguliwa 2018. Kizingiti ni barabara: kuichukua betri moja ya lithiamu kutoka kijiji cha mbali hadi mjini kunakula pesa kuliko betri yenyewe inavyouzwa. Naona suluhisho lenye nguvu zaidi ni amana, kama ile ya chupa ya soda. Mnunuzi alipe kidogo zaidi siku ya kununua, arudishiwe akileta betri iliyokufa, iwe ya risasi au ya lithiamu. Gari lililoleta betri mpya kijijini lirudi na za zamani.

Kwa sasa, mwenye betri iliyokufa asiifungue wala kuimwaga maji. Betri ya risasi isimame wima ndani ya beseni la plastiki, mahali ambapo watoto hawafiki, hadi siku ya kununua nyingine. Halafu iende nzima dukani, na muuzaji aulizwe atapunguza bei kiasi gani na anaipeleka wapi. Ya lithiamu ibandikwe mkanda wa plastiki kwenye ncha zake zisigusane na chuma, iwekwe mbali na jua na jiko, na ipelekwe kwa wakala aliyeiuza.