Mbwa aliyekuwa mwoga sasa anarukia kila mtu: usimkaripie bado

Miezi minane iliyopita, mimi na mama mmoja wa Kigamboni tulikaa kimya kwenye sakafu ya jikoni kwake karibu saa nzima, tukisubiri mbwa atoe pua chini ya kabati. Alipoitoa, mama alilia. Wiki sita zilizopita mama huyohuyo akanipigia simu: “Mwalimu, huyu mbwa sasa amezidi. Anamrukia kila mtu. Jana kamchania dada wa kazi gauni. Majirani wanasema ana kichaa.”

Mbwa mwenyewe anaitwa Sungura, jike wa kienyeji, mwembamba, rangi ya mchanga. Alizaliwa kwenye saiti ya ujenzi. Mafundi walipomaliza kazi wakaondoka, mlinzi aliyekuwa akimtupia makombo naye akaondoka, akabaki peke yake na lundo la kokoto. Alipochukuliwa masikio yalijaa kupe, na ukinyoosha mkono kumwelekea alikuwa anajikojolea. Mlio wa chepeo tu ulitosha kumrudisha chini ya kabati siku nzima.

Nianze na neno lile la majirani, kwa sababu mitaani kwetu halisemwi kwa mzaha. Kichaa cha mbwa kinaua, na karibu binadamu wote wanaokipata wamekipata kwa mbwa. Mbwa anayetoka getini mbio kuelekea watu, hata kama anakwenda kuwalamba, anaweza kupigwa mawe kabla mtu hajauliza ni wa nani. Kwa hiyo kabla ya somo lolote niliuliza mawili: kadi ya chanjo iko wapi, na mabadiliko yalianza lini. Chanjo ilikuwa haijapita muda wake, na mabadiliko yalikuja taratibu, wiki baada ya wiki. Hapo nilipumua. Kama mbwa wako amebadilika ghafla, udenda unamtoka, anashindwa kumeza, anang'ata chochote kilicho mbele yake, mkae mbali naye na mwite daktari wa mifugo, si mimi. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa Sungura. Watu wengi wanadhani mbwa aliyekuwa mwoga akichangamka amepona, na akizidi kuchangamka ameharibika. Mimi naona vingine. Woga na msisimko vinapikwa jiko moja. Adrenalini ni ileile, moyo unadunda vilevile, misuli inakaza vilevile. Mwoga anakimbia kumkwepa mtu, mwenye msisimko anakimbia kumfuata, lakini ndani wote wawili wanawaka. Sungura hajawahi kufundishwa kuzima huo moto. Zamani aliuzima kwa kujificha. Siku hizi hajifichi, na hana njia nyingine.

Tena sisi wenyewe tulichochea. Kwa miezi mitano kila aliposogea hatua moja kumfuata mtu tulimpa kipande cha nyama. Tulimlipa kusogea. Amesogea, tena kwa kasi ya bodaboda, halafu tunamgombeza! Mimi ndiye niliyepanga mafunzo yale, na nilipaswa kuanza mapema zaidi kumlipa kwa kutulia, tangu siku ile ya kwanza alipolala katikati ya sebule badala ya ukutani. Siku hizi kwa kila mbwa mwoga naanza yote mawili kwa pamoja.

Nilikwenda nikakaa kibarazani asubuhi nzima bila kufundisha kitu, naangalia tu. Nawasihi wenye mbwa wafanye hivyo kabla ya kutafuta dawa, maana kuruka si kwa aina moja. Mama alipotoka sokoni, Sungura alimrukia mwili umelegea, mkia unazunguka kama feni, mdomo wazi. Hiyo ni furaha isiyo na adabu. Saa moja baadaye akaja fundi wa maji. Sungura alimrukia pia, akamlamba kidevu mara tatu nne, na mama akasema, “Unaona? Anampenda kila mtu.” Lakini niliangalia mkia: uko chini, ncha tu inatikisika. Masikio yamelala nyuma. Uzito wote uko miguu ya nyuma, tayari kuruka pembeni. Nikamrushia dagaa karibu na miguu ya fundi, na mbwa anayeamka usingizini kwa harufu ya dagaa akampita dagaa yule kama hamwoni.

Yule hakuwa anafurahi. Alikuwa anamwomba fundi asimdhuru, na alijua njia moja tu ya kuomba: kumfikia haraka na kumlamba. Mbwa wa namna hii ukimsukuma kwa goti, au ukimkanyaga vidole vya nyuma kama baadhi ya watu wanavyoshauri, unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Nimeshaona wawili waliorudi mafichoni kwa kukanyagwa mara moja tu, na mmoja wao aliporudi alirudi na meno. Ndiyo maana sitaki kola za mnyororo wa kunyonga wala za umeme kwa mbwa hawa. Wales walipiga marufuku kola za umeme tangu 2010, na sioni kwa nini tuzikaribishe huku.

Basi tukawa na kazi mbili tofauti. Kwa wageni, umbali. Kwa watu wa nyumbani, adabu.

Kabla ya zote mbili nilimwomba mama aache kumchosha. Alikuwa ameshauriwa kumkimbiza na kumrushia mpira kila jioni mpaka ulimi uguse chini. Nia ni njema, ila unachopata ni mbwa mwenye pumzi ndefu zaidi na moto uleule. Badala yake wanatoka alfajiri maji yakiwa yamekupwa, kamba ya mita tano, mkanda wa kifuani badala ya kola, na Sungura anaachwa anuse. Akitaka kusimama dakika nne kwenye gogo moja la mnazi, mama naye anasimama. Mbwa anayenusa kwa makini pumzi zake zinashuka, unaziona mbavuni. Mchana analala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, watoto hawamwamshi. Mbwa mzima anahitaji kulala zaidi ya nusu ya siku, na huyu alikuwa analala kwa kuibia, jicho moja liko getini.

Jioni anapewa kifuu cha nazi kilichopakwa uji mzito usio na chumvi wala sukari, akilambe taratibu mama akimwangalia. Kulamba kunatuliza. Kikiisha anakiondoa, asije akakitafuna vikatoka vipande vyenye ncha. Na mabaki ya mchuzi sitaki kuyasikia: vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kisha tukaanza somo la gunia. Nalipenda somo hili kuliko yote. Unakunja gunia safi la mkonge, unalitandika sehemu moja isiyobadilika, kwa Sungura ni pembeni ya kibaraza ambapo geti linaonekana lakini halifikiki. Chukua kopo la dagaa wakavu waliooshwa kuondoa mchanga na chumvi. Usimwite, usimwambie “kaa”, usimsukume makalio. Akikanyaga gunia kwa bahati, sema “safi” kwa sauti ya chini, kisha weka dagaa mmoja juu ya gunia katikati ya miguu yake ya mbele. Usimpe mkononi, maana mkono ulio juu unamwita kuruka. Akilala, weka mwingine. Akiegemea kiuno upande mmoja, ishara kwamba hana mpango wa kuinuka, weka watatu polepole, mmoja mmoja. Mkono wako uende kama wa mtu anayepanga vikombe usiku watoto wamelala. Dakika tatu, basi, kunja gunia. Siku ya kwanza Sungura alikaa sekunde mbili. Siku ya tisa alikaa mpaka mama akamaliza kuchambua mchicha.

Gunia likishaeleweka ndipo tukaenda getini. Kanuni ni moja kwa wote: miguu minne chini, geti linafunguka, miguu miwili juu, geti linafungwa na anayeingia anageuka nyuma bila kusema neno. Ugumu hauko kwa mbwa. Uko kwa mjukuu wa miaka 16 anayependa kurukiwa, na kwa mjomba anayesema “mwache, mimi sina shida.” Mtu mmoja akimruhusu kati ya watano, mbwa atajaribu kwa wote watano, na atajaribu kwa bidii zaidi kwa sababu bahati nasibu inavutia kuliko mshahara.

Jiandaeni kwa siku ya tatu au ya nne. Tabia inayokaribia kufa hurusha mateke. Mbwa ambaye kuruka kulimpa kitu ataruka juu zaidi, atabweka, atavuta nguo. Nyumba nyingi zinakata tamaa hapo hapo. Kwa Sungura kilele kilikuwa Jumatano jioni. Mama alisimama nje ya geti lake mwenyewe dakika kumi na moja na mfuko wa nyanya mkononi. Hakulifungua. Alhamisi alisubiri dakika mbili.

Kwa wageni hakuna kusalimiana kabisa kwa sasa. Mgeni anapobisha, Sungura anafungwa kamba na kwenda kwenye gunia, dagaa wanamwagwa mbele yake awatafute kwa pua, mgeni anapita mbali bila kumtazama usoni. Akiweza kula, umbali unatosha. Akikataa kula, mko karibu mno. Huo ndio mzani wangu, na hadi leo sijaupatia mbadala.

Kuna jambo moja linalotuhusu sana sisi wa pwani. Jirani wa upande wa kulia ni mzee anayepita getini kila alfajiri kwenda msikitini. Wengi wetu huku tunafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sungura akimlamba mzee kwenye kanzu kwa dakika ya mapenzi, mzee anarudi nyumbani, anabadili nguo, anaosha, anakosa swala ya jamaa. Hilo si suala la mbwa mchangamfu, ni haki ya mtu. Nilikwenda kumwamkia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu wa mbwa?”

Nikamweleza tunachofanya. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hamchukii mnyama, kamwe hajampiga, anachotaka ni apite salama na udhu wake. Tukakubaliana: mama hatoki na mbwa mpaka watu wameshatoka msikitini, na geti linapigwa komeo usiku kucha. Tangu siku ile mzee akipita anagonga fimbo mara mbili barabarani ili Sungura asishtuke. Hatukumwomba. Na ile sauti, kwa kuwa kila ikisikika mama humwagia dagaa kwenye gunia, imegeuka kuwa wito: fimbo ikigonga, Sungura anakwenda mwenyewe kulala.

Wiki hii ya sita bado anapiga chafya na kujizungusha mama anaporudi, na simzuii, ila miguu inabaki chini mara nyingi kuliko inavyoinuka. Mjukuu alikuja na marafiki watatu Jumapili, akasahau, akamrukisha, tukapoteza siku mbili. Fundi wa maji alirudi juzi. Sungura alilala guniani, akala dagaa saba, akainuka mara moja, akalala tena.

Bodaboda hatujazigusa. Bado anazifukuza akiwa ndani ya uzio mpaka povu linamtoka. Tunaanza Jumamosi, kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira, na kopo jipya la dagaa.