Kelele za Mashabiki Pekee Hazifufui Tamthilia

Kila ninapowafundisha vijana waandaaji wa vipindi hapa Mwanza, huambiwa kwamba tamthilia za bunilizi ya kisayansi hufa kwa kukosa watazamaji na hufufuliwa na mashabiki wanaopiga kelele. Nimechoka kulisikia dai hilo. Cha kuuliza kwanza ni nani anayemiliki kazi, kisha ni watazamaji wa aina gani walioiletea kampuni fedha.

Mwaka 2018 kituo cha Syfy kiliiacha The Expanse baada ya misimu mitatu, na mashabiki wakakodi ndege ikapita na bango karibu na ofisi za Amazon. Ndege hiyo husimuliwa sana. Kinachosahauliwa ni kwamba Syfy ilikuwa na haki ya kuirusha kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya Marekani tu, hivyo waliotazama baadaye kwa intaneti hawakuifaidisha kitu. Kazi ilikuwa mali ya Alcon, walioitengeneza, nao wakaipeleka Amazon ikapata misimu mitatu zaidi. Aliyekodi mtumbwi pale Mwaloni Kirumba akishindwa kulipa, mwenye mtumbwi hutafuta mwingine wa kumkodisha.

Linaloniudhi zaidi ni kisa cha Star Trek. Ni kweli kwamba kampeni ya barua iliyohamasishwa na mashabiki Bjo na John Trimble ilitangulia tangazo la kituo cha NBC la mwaka 1968 kwamba msimu wa tatu ungekuwepo. Lakini msimu huo uliwekwa Ijumaa saa nne usiku, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 tamthilia ikasitishwa. Faida ya msimu huo ilionekana kwingine: vipindi vilifika 79, idadi iliyoviwezesha vituo vya miji mbalimbali kununua marudio na kuyarusha kila siku, na marudio hayo ndiyo yaliyozalisha watazamaji wapya waliofanya filamu ya mwaka 1979 iwezekane. Kama ni barua zilizoishawishi NBC, au ilikuwa na hesabu zake, siwezi kuapa.

Tamthilia ya Firefly hunisumbua. Mwaka 2002 kituo cha Fox kilirusha vipindi 11 kati ya 14, tena bila kufuata mpangilio wake; DVD zikanunuliwa sana, na kampuni ya filamu ya Universal ikatoa mwendelezo wake, filamu ya Serenity, mwaka 2005. Filamu iligharimu takriban dola milioni 39 na kuingiza takriban milioni 40, ambazo majumba ya sinema hukata fungu lao kwanza. Mashabiki walilipa kwa fedha zao wenyewe, kampuni kubwa ikajitokeza, na bado tamthilia haikurudi. Vijana wanaonibana kwa mfano huo wana haki, kwa sababu suala la umiliki peke yake halitoshi kuueleza.